Je, wajua kwa nini mvua huchagua upande mmoja wa kisiwa?

Siku yake ya nne kwenye kisiwa cha Réunion, mdogo wangu alitutumia ujumbe wa sauti. Nyuma ya maneno yake ilikuwa inapiga mvua juu ya mabati, mvua ile ambayo mtu akiwa ndani inabidi apaze sauti ili asikike. "Yaya, shati nililofua Jumatatu bado ni bichi," alisema. "Shuka ni kama zililala nje. Viatu vimeota kuvu. Na wenzetu waliopangiwa Saint-Gilles wananitumia picha wakiota jua!"

Alikuwa amepelekwa kwa mafunzo ya wiki 3, na yeye akaangukia hoteli ndogo ya Sainte-Rose, pwani ya mashariki: vyumba vichache chini ya paa moja la mabati, feni, chandarua, mkate na kahawa asubuhi. Kutoka Sainte-Rose hadi Saint-Gilles, pwani ya magharibi, ukipiga mstari ulionyooka, ni kilomita kama 60. Hazifiki hata zile za kutoka Goma kwetu, mashariki mwa Kongo, hadi Rutshuru kwa barabara.

Mama aliusikiliza ule ujumbe mara mbili, kisha akaweka simu mezani. "Kisiwa si ni kimoja? Sasa mvua inachaguaje?"

Nimeona swali la mama linastahili jibu lililokamilika, kwa sababu watu wengi hudhani mvua ni bahati tu, leo imeangukia huku, kesho itaangukia kule. Kwenye kisiwa kama Réunion mambo hayaendi hivyo. Upande wa mvua ni ule ule, mwaka baada ya mwaka, na mwenye kuuamua ni mlima.

Réunion ni kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, mashariki mwa Madagaska. Ni kidogo: kina kilomita za mraba 2,512 tu, na Kivu Kaskazini yetu ingekimeza zaidi ya mara 20. Lakini kimesimama wima. Kilizaliwa na volkeno mbili. Moja, Piton des Neiges, imelala siku nyingi, na kilele chake kiko mita 3,070 juu ya bahari. Ya pili, Piton de la Fournaise, ina mita 2,632 na bado inatema moto karibu kila mwaka. Fikiria basi ukuta wa kilomita 3 kwenda juu, uliosimamishwa katikati ya bahari tupu.

Ukuta huo unapigwa na upepo unaotoka karibu upande ule ule siku zote, yaani kusini-mashariki. Mabaharia Waswahili wanaujua ndugu yake kwa jina la kusi. Pepo hizi za bahari ya kusini ndizo zinazolisha kusi inayofika Zanzibar na Mombasa katikati ya mwaka. Kabla ya kufika Réunion, upepo huo umesafiri maelfu ya kilomita juu ya maji ya moto, na njia nzima umekuwa ukibeba mvuke. Unapofika Sainte-Rose umeshiba. Mbele yake kuna mlima, na sehemu yake kubwa haina pa kwenda ila juu.

Hapo ndipo siri ilipo. Hewa ikipanda hupoa, na haipoi kwa sababu imesogelea kitu cha baridi. Hupoa kwa sababu imetanuka. Chini, hewa inabanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Ikipanda, uzito hupungua, nayo inajitanua, na kujitanua huko kunaila joto lake. Anayetaka ushahidi aende kwa fundi wa pikipiki. Fundi akibonyeza valvu ya tairi lililojaa, hewa inayotoka ni ya baridi kwenye kidole, ingawa tairi limeshinda juani. Ile hewa ilikuwa imebanwa, sasa inatanuka. Na akiijaza tairi kwa pampu ya mkono, shingo ya pampu inachemka: huko hewa inabanwa, na hewa inayobanwa hupata joto. Mambo hayo mawili ya pampu na valvu yanatosha kueleza kisiwa kizima.

Tuanze na kupanda. Kila mita 100 hewa inazopanda, joto lake linashuka kwa karibu digrii 1. Kama ilikuwa na digrii 26 pale kwenye kibaraza cha hoteli, ikifika mita 600 imebaki na 20 hivi. Hewa iliyopoa haiwezi tena kuushika mvuke wote iliotoka nao baharini. Mvuke unageuka matone madogo, na hilo ndilo wingu. Hewa ikiendelea kusukumwa juu, matone yanakua, yanakuwa mazito, yanaanguka. Basi mvua ya Sainte-Rose, kwa sehemu kubwa, haikuletwa tayari kutoka mbali. Inatengenezwa pale pale, juu ya vichwa vya wageni waliolala, kwa sababu mlima unaendelea kuipandisha hewa mchana na usiku.

Sasa kushuka. Hewa iliyofaulu kuvuka upande wa pili imekwisha kuacha sehemu kubwa ya maji yake mashariki. Ikiteremka kuelekea Saint-Gilles inabanwa, inapata joto kama shingo ya pampu, na mawingu yaliyobaki yanayeyuka. Tena si upepo wote unaovuka. Mwingi hugawanyika na kupita kandoni, kama maji ya mto yanavyopita pembeni mwa jiwe, na nyuma ya jiwe panabaki patulivu. Wenzake mdogo wangu walikuwa wamelala kwenye utulivu huo.

Tofauti ni kubwa kuliko mtu anavyotarajia. Kwenye sehemu kavu zaidi za pwani ya magharibi, mvua ya mwaka mzima ni kama nusu mita tu. Pwani ya Sainte-Rose inapita mita 3, na ukipanda kwenye miteremko ya volkeno juu ya mji huo inapita mita 10. Goma yetu, ambayo tunaiona ya mvua, hupata kati ya mita 1 na mita 1 na nusu.

Kuna siku mlima unapata msaada wa kimbunga, na hapo hesabu inatisha. Tarehe 7 na 8 Januari 1966, mahali paitwapo Foc-Foc, juu kwenye volkeno, zilinyesha milimita 1,825 katika saa 24, na hiyo ndiyo rekodi ya dunia ya siku moja. Tuigeuze kwa kipimo cha nyumbani. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 1,825 ni zaidi ya bidoni 91 za lita 20 zilizomwagwa kwenye eneo la ukubwa wa mkeka mdogo, kwa siku moja. Januari 1980, kimbunga Hyacinthe kilikaa karibu na kisiwa, na kreta (shimo la volkeno) ya Commerson ikapokea milimita 6,083 ndani ya siku 15. Hiyo ni mita 6 na zaidi. Nyumba ya chini ingezama hadi juu ya paa kama maji yasingekuwa na pa kwenda.

Lakini mama hakuuliza habari za vimbunga. Alitaka kujua shati la mwanawe. Mvua haikulifikia, lilikuwa limetundikwa ndani, sasa kwa nini lisikauke siku 3, tena kwenye joto?

Nguo hukauka pale hewa inapokubali kupokea maji yake. Hewa ya pwani ile imekwisha kujaa, kwa hiyo maji yanayotoka kwenye shati na yanayorudi yanakaribia kulingana. Juu ya hayo kuna chumvi. Mawimbi ya mashariki yanapiga miamba ya lava kwa nguvu, yanarusha vumbi la maji ya bahari, na chumvi yake inatua kwenye mapazia, kuta, shuka na hata nywele. Chumvi hunywa unyevu wa hewa. Tunalijua jambo hilo jikoni, masika, chumvi inapolowa kwenye kikopo mpaka mtu anatia punje za mchele. Shuka iliyoingiwa na chumvi inafanya vile vile: unailalia usiku na kuihisi mbichi ingawa hakuna tone lililoigusa.

Feni ndiyo rafiki wa mgeni wa hoteli ndogo, kuliko wengi wanavyodhani. Hewa iliyogusana na nguo hushiba haraka kuliko hewa ya chumba kizima, na feni huiondoa na kuleta nyingine. Nilimwambia mdogo wangu atundike shati mbele ya feni, si dirishani kwenye upepo wa bahari, na alisuuze kwanza kwa maji baridi ya bomba ili chumvi itoke. Viatu avijaze karatasi za gazeti na kuzibadilisha kila jioni. Na pale penye kiyoyozi, mtu asikiwashe usiku kucha kisha akafungua madirisha asubuhi: kuta zilizopoa zitatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na kuvu huanzia hapo.

Jambo lingine nililomwambia ni la saa. Asubuhi na mapema kilele huwa wazi mara nyingi. Jua likishapasha miteremko, hewa yake nayo inaanza kupanda na kuuongezea nguvu upepo wa bahari, na kabla ya saa sita mawingu yamefunika huko juu. Sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa hili. Nani hajaiona Nyiragongo, volkeno yetu, saa kumi na mbili asubuhi ikiwa safi mpaka moshi wake, halafu saa nne imekwisha kujifunika? Wapanda milima wa Réunion huondoka gizani kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa niseme ninavyoona mimi. Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningechagua hoteli ile ile ya mabati. Magharibi kuna hoteli kubwa, mchanga mweupe na maji tulivu yaliyozungushiwa matumbawe, na matumbawe yako kule kwa sababu hayapendi maji ya mito na tope. Mashariki bahari ni nyeusi, kali, si ya kuogelea. Lakini kisiwa kinaishi mashariki. Maporomoko ya maji yako huko, na msitu unaoshuka karibu na bahari. Vanila pia. Mwaka 1841, huko Sainte-Suzanne, kwenye pwani hiyo ya mvua, kijana wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius, aliyekuwa mtumwa, alionyesha jinsi ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Ndugu zetu wanaolima vanila upande wa Beni hufanya hivyo hivyo, ua kwa ua, asubuhi kabla halijafunga. Wangapi kati yao wamewahi kusikia jina lake? Natamani wote walisikie.

Na kuna lava. Aprili 1977 mto wa moto ulishuka ndani ya kijiji cha Piton Sainte-Rose, ukachoma nyumba, ukafika kanisani, ukaingia kidogo mlangoni na kusimama. Kanisa lile bado lipo, limezungukwa na mwamba mweusi, na watu wanasali ndani yake. Mdogo wangu alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Sisi tulioona lava ya Nyiragongo ikiingia Goma tarehe 17 Januari 2002 tunajua kwa nini: kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu halikusazwa.

Lava ile inaeleza pia kitu ambacho kilimshangaza. Alitarajia mito mikubwa kila mahali, kwa mvua ya namna ile, lakini kwenye lava mpya hakuna mto. Mwamba wake umejaa nyufa na matundu, maji yanazama papo hapo na kutokea chini kabisa, karibu na bahari. Ni habari ile ile ya mtaani kwetu Goma, juu ya lava: mvua inanyesha usiku kucha, na asubuhi watoto wanashuka ziwani na bidoni.

Mito iko kwenye miamba ya kale zaidi, kama Salazie, bonde kubwa lililo upande wa mvua wa Piton des Neiges. Huko watu wa Réunion wamefanya jambo lililomfanya mama aombe nilirudie. Magharibi kuna ardhi na jua lakini hakuna maji, kwa hiyo wametoboa mlima. Kazi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuchukua zaidi ya miaka 20: mahandaki ya kilomita nyingi yanayochukua maji ya mito ya Salazie na kuyapitisha chini ya milima mpaka mashamba ya miwa na mabomba ya upande wa jua.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akachukua simu na kubonyeza kitufe cha sauti. "Mwanangu, waambie hao wenzako wa Saint-Gilles wanaokutumia picha," alisema, "wakifungua bomba, wauulize mlima maji yametoka upande gani. Na hilo shati lisuuze kwanza."