Kwa nini namba ya chasisi haikuambii kama ni GTO

Nikiletewa Pontiac GTO ya 1964 niikague, kabla ya kufungua boneti naomba karatasi. Wenye magari hushangaa, maana wamezoea kuwa namba ya chasisi inatosha kulitambulisha gari. Kwa GTO za 1964 na 1965 namba hiyo inasema LeMans, gari la Pontiac ambalo GTO ilijengwa juu yake, basi.

Mwanzoni mwa 1963 General Motors, wenye Pontiac, walizikataza kampuni zao kujihusisha na mashindano ya magari. Walikuwa pia na kanuni ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Pontiac walikuwa wamejijengea jina kwa mbio, na sasa mlango huo ulifungwa.

Mhandisi mkuu wao, John DeLorean, alikuwa akifanya kazi na Bill Collins na Russell Gee. Gari lao la kati, Tempest, ambalo LeMans ilikuwa toleo lake la juu, lilifungwa V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 326. Ile ya 389 ya magari makubwa ilikuwa na bloku, yaani mwili wa injini, ya umbo lilelile kwa nje. Hata pistoni inasafiri umbali uleule, inchi 3.75, kilichopanuliwa ni tundu la silinda. Kwa hiyo unang'oa moja, unaishusha nyingine kwa winchi, inakaa kwenye maunti (vishikizo vya injini) zilezile na boliti zinaingia bila kutoboa kitu. Mara ya kwanza nilipoifanya kazi hiyo nilielewa kwa nini wale watu hawakuweza kuliacha wazo lile.

Kanuni ilihusu modeli, haikugusa vifaa vya ziada. Wakaiandika 389 kama kifurushi cha nyongeza cha LeMans, takriban dola 295, wakakipa herufi zilizokopwa kwenye gari la Ferrari: GTO. Kabureta moja ya midomo minne ilitoa nguvu za farasi 325; mpangilio wa kabureta tatu, Tri-Power, ulitoa 348. Katika Tri-Power ile ya kati hulisha injini muda wote, na za pembeni huamka ukikanyaga mafuta kwa nguvu. Sauti hubadilika papo hapo, na mpaka leo inanisisimua. Mkuu wa mauzo, Frank Bridge, alikubali magari 5,000 tu. Mwaka 1964 yaliuzwa 32,450.

Mwaka 1966 GTO ikawa modeli kamili, yakauzwa karibu 97,000. Mwaka 1968 ilipata bampa ya mbele yenye rangi ya bodi, na 1969 likaja toleo maalumu, The Judge. Baada ya hapo bima ikapanda, sheria za moshi zikakaza, kompresheni (kiwango cha kubanwa kwa hewa na mafuta ndani ya silinda) ikashushwa. GTO ya 1974 ilikuwa Ventura, gari dogo la Pontiac, yenye injini ya 350. Ile ya 2004 hadi 2006 ilikuwa Holden Monaro kutoka Australia.

Turudi kwenye karatasi. Nembo na boneti vinanunulika, na injini, kama nilivyosema, inaingia bila shida. LeMans inageuzwa GTO kirahisi kwa sababu kiwanda chenyewe kiliitengeneza hivyo. Kwa hiyo nataka nakala ya ankara ya kiwandani inayoonyesha kifurushi kililipiwa. Kisha nasugua grisi mbele ya bloku, upande wa kulia, na kulinganisha namba iliyogongwa pale na iliyoandikwa kwenye ankara.