Kusahihisha mradi wa takwimu: anzia sura ya tano

Ripoti za utafiti za mwaka wa mwisho zina umbo moja: utangulizi, mapitio ya machapisho, mbinu, matokeo, hitimisho. Msahihishaji akizisoma kwa mpangilio huo, akifika sura ya nne ameshachoka na majedwali yote yanafanana. Mimi huanzia sura ya tano. Nachukua kila hitimisho na kulitafutia jedwali lililolizaa, kutoka kwenye jedwali naenda kwenye swali la dodoso katika kiambatisho, na kutoka kwenye dodoso naenda kwenye lengo mahususi la sura ya kwanza. Pale mnyororo unapokatika ndipo alama zinapopungua, na sababu ya kumwandikia mwanafunzi pembeni ninayo tayari.

Mgawo wangu wa alama 100 ni huu: swali na malengo 15, sampuli na ukusanyaji wa data 25, uchambuzi 20, tafsiri ya matokeo 30, uandishi 10. Wapo wanaoona uchambuzi umepunjwa. Lakini hesabu inafanywa na programu, na SPSS itakutolea regresheni, yaani mlinganyo wa jinsi kigeu kimoja kinavyobadilika pamoja na vingine, hata ukiilisha namba za simu. Ujuzi wa mwanafunzi unaonekana kabla ya kubonyeza na baada ya kubonyeza.

Kwenye sampuli nakaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu ya fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ambayo siku hizi inanukuliwa kama sala. Idadi ya walengwa 1,200, kosa linalokubalika 0.05, basi 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025) = 300. Hesabu haina kasoro. Tatizo ni masharti yake: sampuli iwe nasibu sahili (kila mlengwa awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa), kinachokadiriwa kiwe asilimia, na asilimia hiyo ichukuliwe kuwa 50. Ukurasa unaofuata mwanafunzi anaeleza kwamba aligawa dodoso kwa "waliokuwa tayari kushiriki". Hapo ile 300 imebaki pambo. Anayefanya hivyo bila kusema lolote simpi zaidi ya 12 kati ya 25, hata kama fomula ameiandika vizuri na mwaka wa chapisho ameutaja.

Wengine huchukua madarasa mazima, tuseme madarasa 15 yenye wanafunzi 20 kila moja. Wanafunzi wa darasa moja hufanana: mwalimu mmoja, ratiba moja, mara nyingi mtaa mmoja. Kama mfanano huo, yaani uwiano wa ndani ya kundi, ni 0.05 tu, mtawanyiko (variance) wa makadirio unavimba mara 1 + (20 − 1) × 0.05 = 1.95. Kwa hiyo wale 300 wanatoa taarifa ya watu kama 154 waliochaguliwa mmoja mmoja. Sitarajii mwanafunzi wa shahada ya kwanza akokotoe hili. Akiandika sentensi moja tu kwamba majibu ya darasa moja hayako huru, nampa alama zake.

Anayetumia data ya TDHS-MIS ya 2022, utafiti wa kitaifa wa Tanzania kuhusu idadi ya watu, afya na viashiria vya malaria, hana shida ya kugawa dodoso, ila namkagulia uzito, yaani namba inayorekebisha nafasi zisizo sawa za watu kuchaguliwa. Kigeu v005, chenye uzito huo, kinagawanywa kwa 1,000,000 kabla ya kutumika, na kundi la sampuli, yaani v021, litajwe kwenye uchambuzi. Asilimia zisizo na uzito zinaweza kuwa mbali na zile za ripoti ya taifa, na mwanafunzi makini angelinganisha walau moja kabla ya kuendelea.

Data ya kupikwa nayo ipo. Watu wazima wakiulizwa umri hupenda kutaja namba zinazoishia na 0 au 5, kwa hiyo sampuli ya wakulima ambamo miaka 41, 43 na 47 imejaa sawa na 40 na 45 inanifanya niangalie tena. Vivyo hivyo dodoso 300 zisizo na jibu hata moja lililoachwa wazi. Kama data ilikusanywa kwa KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, naomba faili ghafi lenye saa ya kuanza na ya kumaliza. Mahojiano ya maswali 45 hayaishi kwa dakika 3. Yote haya ni dalili, hayatoshi kumhukumu mtu. Natumia kuandaa maswali ya utetezi, basi.

Kwenye uchambuzi makosa ni yale yale. Kai-mraba, kipimo cha kama vigeu viwili vya makundi vinahusiana, kwenye jedwali ambalo zaidi ya asilimia 20 ya visanduku vina idadi tarajiwa chini ya 5: aunganishe makundi yenye mantiki au atumie kipimo cha Fisher, kinachofaa idadi ndogo. "p = 0.000" (p ni uwezekano wa kupata matokeo kama haya au makubwa zaidi kama hakuna uhusiano) iliyonakiliwa kutoka kwenye skrini: iandikwe p < 0.001. Idadi ya watu inayobadilika kutoka jedwali hadi jedwali, 300 hapa, 287 pale, 214 kwenye regresheni, bila neno juu ya waliopotea. Hili la mwisho ndilo zito, maana 86 walioachwa kwenye regresheni pengine ndio wasiotaka kutaja kipato.

Sasa tafsiri, zile alama 30. Tuseme regresheni ya mapato ya wakulima imetoa kizidishi cha 84,000 kwa ukubwa wa shamba. Anayeandika "ardhi ina mchango chanya na wa maana kitakwimu" yuko kwenye 10 za kwanza. Anayeandika kwamba kila ekari moja ya ziada inaambatana na shilingi 84,000 zaidi kwa msimu, vigeu vingine vikibaki vilivyo, amevuka 20. Akiongeza kwamba kwa uhakika wa asilimia 95 kiasi hicho kinaweza kuwa kati ya 12,000 na 156,000, na kwamba 12,000 ni kidogo mno kwa mkulima kuihisi, huyo anaikaribia 30.

Upande wa pili ni "p = 0.21, hivyo hakuna uhusiano". Kwa watu 60 kipimo hakina nguvu ya kuona uhusiano mdogo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba data hii haikutosha kuuonyesha. Halafu kuna dai kwamba mikopo huongeza mapato, wakati benki huwapa mikopo wenye mapato. Na lile pendekezo kwamba serikali itoe elimu kwa jamii, ambalo lina miguu, linatembea ripoti hadi ripoti hata pale ambapo dodoso halikuuliza chochote kuhusu elimu. Pendekezo lisilo na jedwali nyuma yake nalipa sifuri.

Utetezi wa mdomo nauwekea dakika 15 na faili la data likiwa wazi mezani. Nachagua namba moja ya sura ya nne na kumwomba mwanafunzi aitoe upya hapo hapo. Aliyelipia uchambuzi kwa mtu wa stationery hukwama kwenye kutafuta jina la kigeu.

Wasahihishaji wakiwa wawili, msiridhike na uwiano (correlation) wa alama zenu. Mmoja akitoa daima 10 pungufu ya mwenzake, uwiano ni 1 kamili na bado wanafunzi wanaangukia madaraja tofauti. Kokotoeni wastani wa tofauti, kisha mtazame kila kipengele peke yake. Tofauti ikizidi alama 5 kwenye sampuli au tafsiri, rudini kwenye ripoti yenyewe pamoja; kugawanya katikati kunazalisha alama ambayo hakuna msahihishaji aliyeitoa.