Glaida ya povu ya rimoti: yanayosemwa na yalivyo

Vipimo vya hapa ni vya glaida (ndege isiyo na injini) yenye mita 1 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, upana wa bawa sentimita 15, na sevo (mota ndogo zinazosogeza vibao) mbili za gramu 9: moja ya usukani, kibao cha mkiani kinachogeuza pua kushoto na kulia, moja ya kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua. Ikikamilika na kila kitu ndani, ilenge gramu 220 hadi 260.

Dhana: ndege ikizidi kuwa nyepesi ndivyo inavyoruka vizuri, kwa hiyo risasi (ile metali nzito) ya puani ni mzigo tu.

Wepesi ni mzuri, ila uzito uliokaa mahali pake ni bora zaidi. Kitovu cha uzito kiwe sentimita 4 hadi 5 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Tia alama ya kalamu chini ya kila bawa, kisha inyanyue ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo: itulie, pua ikiinama kidogo. Mkia ukizama, usiirushe. Itainua pua, itaishiwa mwendo, itapiga mbizi, na vidole vyako kwenye rimoti havitaiwahi. Pua nzito ni kero. Mkia mzito ni ndege iliyovunjika.

Kosa lenyewe huanzia kwenye gundi. Mkia ukiwa sentimita 50 nyuma ya kitovu na pua sentimita 20 mbele yake, gramu 4 za gundi ya ziada mkiani zinadai gramu 10 za risasi puani. Basi weka sevo karibu na bawa, sogeza betri mbele kabisa, ndipo utafute risasi (chubwi za wavuvi zinafaa sana).

Dhana: povu halichagui gundi.

Povu jeupe linalofungiwa runinga huyeyuka likiguswa na gundi ya viatu, supagluu ya kawaida, tina, hata rangi nyingi za kupuliza. Tumia epoksi au gundi nyeupe ya seremala. Hiyo ya seremala iache usiku kucha, maana povu halinyonyi maji na katikati huchelewa kukauka.

Dhana: bila vibao vya kwenye mabawa haikati kona.

Inakata, mradi mabawa yameinuka mfano wa V pana. Laza nusu moja mezani. Ncha ya nusu ya pili iwe juu kama sentimita 14. Usukani ukigeuza pua, bawa la nje hupata upepo kwa pembe kubwa zaidi, linainuka, na ndege inalalia kona. Bawa lililonyooka huteleza tu upande.

Dhana: ikidondoka, mrushaji alikuwa mnyonge.

Mara nyingi aliirusha juu mno. Elekea upepo unakotoka, mabawa sawa, pua ikitazama upeo wa macho au chini yake kidogo, uiachie kama mkuki.

Dhana: betri ya volti nyingi inaipa sevo nguvu zaidi.

Sevo nyingi za ukubwa huu ni za volti 4.8 hadi 6. Betri ya lithiamu ya seli mbili iliyojaa hutoa 8.4, na ikiungwa moja kwa moja itaziunguza. Betri 4 za NiMH (aina ya kuchajiwa) za saizi ya AAA hutoa 4.8, na uzito wake ni gramu 50 hivi, zile zile ulizokuwa unazitafutia risasi ya puani.