Mota kali haikuhakikishii ushindi

Wanaoanza mbio za magari ya rimoti huambiwa mapema: bila mota ya bei mbaya utakula vumbi tu. Si kweli, na imani hiyo ndiyo inayomaliza pesa za watu.

Tupige hesabu. Mbio ni dakika 5, raundi moja sekunde 20, basi unapiga raundi 15. Tuseme mota mpya inakupunguzia sekunde 0.3 kila raundi; faida yote ni sekunde 4.5. Sasa gusa ukingo kwenye kona, gari lilale chali, matairi yazunguke hewani mpaka mtu wa kando ya njia akimbie kuligeuza. Sekunde 8 zimeyeyuka. Na mota kali hukupindua upesi zaidi, hilo muuzaji hakwambii.

Ndiyo maana yapo madaraja ya mbio yanayobana kasi kwa makusudi. Nchini Marekani, daraja la Vintage Trans-Am huendesha magari ya kipimo cha 1/10 ya gari halisi yenye bodi za enzi za miaka ya 1960 na 1970, mota ya 25.5 na betri ya seli mbili, volti 7.4. Namba ya mota ni mizunguko ya waya ndani yake: ikipanda, kasi inashuka. Aina ya matairi nayo imepangwa na kanuni, na hapo ndipo mfuko hupona hasa, maana matairi huisha na kununuliwa tena na tena.

Ukiwa na akiba, nunua vipuri vya mikono ya magurudumu, ile inayoyashikilia kwenye gari. Utaivunja.