Rais wa Kenya hachagui majaji

Bado watu wanasema ati jaji ni mtu wa rais, akimpenda anampa kiti. Hapana jamani, tangu katiba ya 2010 wanaochagua ni Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, inatangaza nafasi, inahoji watu hadharani hadi unawaona kwa TV, halafu rais anateua majina vile yalivyo. Shida ni akikataa. 2019 JSC ilipendekeza majina 41, yakakaa Ikulu karibu miaka miwili, Juni 2021 Uhuru akateua 34, sita akawaacha, mmoja alikuwa ameshafariki, na hao sita wakaapishwa Septemba 2022 chini ya Ruto. Muda wote huo mama wa kesi ya shamba anafika kortini asubuhi na mapema, anaambiwa faili yake itatajwa tena mwezi ujao, na lawama zote anabebeshwa jaji aliyepo.