Ndege ya Kujiundia Ikimezwa na Mafuriko

Tarehe 28 Septemba 2022 kimbunga Ian kilipiga kusini magharibi mwa Florida, Marekani, na maji ya bahari yakaingia mpaka mitaani Fort Myers. Katika nchi ile wapo watu wengi wanaojiundia ndege nyumbani. Mtu anagonga ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha bati, jioni baada ya jioni, miaka inapita, kisha usiku mmoja tu ndege inalala kwenye tope. Namwelewa anayetamani kuwasha injini aone kama bado nzima. Namsihi asiiguse.

Hata panga la mbele linaloivuta ndege (propela) lisizungushwe kwa mkono. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni ikiyakuta, fimbo inayoisukuma pistoni hiyo inapinda. Chomoa betri kwanza. Ikiwa ni ya lithiamu na imeingiwa na maji ya chumvi, itoe bandani ukaiweke mbali, maana inaweza kuwaka moto hata siku kadhaa baadaye. Piga picha alama ya tope ubavuni, bima wataiulizia. Kisha osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, siku hiyohiyo. Mashine ya kuoshea magari usiitumie, presha yake inasukuma chumvi ndani ya maungio.

Maungio ndiko ugonjwa unakojificha. Fungua kifuniko cha ukaguzi chini ya bawa, umulike tochi pale bati mbili za aluminiamu zinapolaliana. Utaona ufito mwembamba wa tope, na ukibonyeza, tone linachungulia kando ya ribiti. Nje bawa linang'aa. Baada ya miezi, unga mweupe unatokea hapohapo na rangi inaanza kuvimba: aluminiamu inalika. Ndiyo maana sikubali neno "imekauka" mpaka kila kifuniko kimefunguliwa.

Injini ishushwe na ifunguliwe yote. Katika injini nyingi za Lycoming, aina inayotumika sana kwenye ndege ndogo, kemshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krenkshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), oili huchuruzika ikaiacha kavu, na vidoti vya kutu juu ya uso wake vinatosha kuanza kuusaga.

Kiunzi cha ndege cha mabomba ya chuma kinaweza kujaa maji ndani bila dalili yoyote. Kutu huanzia sehemu ya chini kabisa. Ndege ya mbao ivuliwe kitambaa, ikaushwe taratibu kivulini, kwa sababu jua kali hupasua mbao na kufungua gundi. Ya faibaglasi igonge kwa sarafu, hatua kwa hatua: mlio ukibadilika kutoka mkali kuwa mzito, huenda tabaka zimeachana. Redio na vifaa vya dashibodi vilivyozama, visiruke tena na ndege.

Sheria ya Marekani inamruhusu muundaji mkuu kuomba cheti cha kuikagua ndege yake mwenyewe kila miezi 12. Baada ya mafuriko, jicho lake limejaa huruma. Aite fundi mwingine asiyeijua ndege hiyo. Na kwenye kitabu cha kumbukumbu cha ndege aandike kwa wino: maji yalifika wapi, yalikuwa ya chumvi au ya mto, yalikaa saa ngapi. Atakayeinunua miaka kumi baadaye atapanda na watoto wake.