Mimea Adimu ya Asili: Uzio Pekee Hautoshi

Dhana: Mmea adimu ukizungushiwa uzio na kuachwa bila kuguswa, utastawi wenyewe.

Ukweli: Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa inafanana na busara. Mimea mingi adimu huota mahali pa wazi, penye nyasi fupi na udongo usio na rutuba nyingi, na hali hiyo ilidumishwa kwa karne nyingi na wanyama wala nyasi, moto wa msimu au watu waliofyeka. Shughuli hizo zikikoma, nyasi ndefu na vichaka huziba mwanga, na mmea uliokusudiwa kuokolewa hufifia ndani ya uzio ule ule. Kwa hiyo wasimamizi hufyeka baada ya mbegu kukomaa na kudondoka, kisha huondoa nyasi zilizokatwa, kwani zikiozea hapo huurutubisha udongo na kuyapa nguvu majani yanayokua haraka.

Dhana: Wanaojitolea waanzie pale magugu yalipokithiri, wang'oe mengi kadiri wawezavyo.

Ukweli: Katika miaka ya 1960, dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, walifuata njia iliyo kinyume: kuanzia pale mimea ya asili ilipo na nguvu, kusogea polepole kuelekea palipoharibika, na kutoutifua udongo ila kwa lazima, huku kasi ya kazi ikiamuliwa na mimea ya asili inavyorejea. Udongo ulioachwa wazi hutekwa upya na magugu, na mmea vamizi kama Lantana camara ukikatwa tu huchipua tena kwenye kisiki. Watu wachache wanaorudi kila msimu wana faida kuliko umati wa siku moja, hata kama umati ndio unaopendeza pichani.

Dhana: Mmea usioonekana umekwisha kutoweka.

Ukweli: Si lazima. Baadhi ya mbegu alizozifukia mtaalamu wa mimea William Beal huko Michigan, Marekani, mwaka 1879 ziliota mwaka 2021. Hata hivyo okidi, jamii ya mimea ya maua, ni habari nyingine: mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini huhitaji kuvu fulani wa udongoni ili ziote, hivyo kuzihamishia popote hakuleti matokeo.

Dhana: Takwimu ni kazi ya wataalamu peke yao.

Ukweli: Aliyefundishwa kuutambua mmea mmoja anaweza kuuhesabu vizuri, mradi atumie utaratibu ule ule kila mwaka na aandike sifuri anapokosa kuuona. Jambo la kuchunga ni usiri wa mahali mmea ulipo. Nchini Uingereza, wachumaji waliing'oa okidi Cypripedium calceolus hadi ukabaki mmea mmoja tu uliojulikana porini, ukalindwa na watu wa kujitolea mahali palipofichwa. Kwa hiyo ramani zibaki kwa msimamizi, na picha zisisambazwe kabla ya kuondolewa taarifa za mahali zilipopigwa.